Amri ya pili ni ipi? Vita ya Wakatoliki na Waprotestanti kwenye shule za Marekani

Juni 2024 gavana wa Louisiana, Jeff Landry, alisaini sheria kwamba kila darasa la shule ya umma kwenye jimbo lake libandikwe Amri Kumi za Mungu, bango lisipungue inchi 11 kwa 14 na maandishi yawe makubwa ya kusomeka vizuri. Alisainia kwenye shule ya Kikatoliki mjini Lafayette na yeye mwenyewe ni Mkatoliki. Kesi zikafunguliwa, watu wakabishana sana kama serikali ina ruhusa ya kubandika maandiko darasani au haina, mimi nikaenda kusoma sheria yenyewe maana imeandika neno kwa neno amri zinazotakiwa kubandikwa. Nikafika kwenye ule mstari wa kutojifanyia sanamu ya kuchonga. Hawakuweka namba ila mstari upo, umesimama wenyewe kama amri kamili.

Sasa kama hujawahi kufuatilia hii ishu unaweza kujiuliza tatizo liko wapi, Amri Kumi si ni zilezile. Mimi nimekulia nyumba ambayo baba ni Mkatoliki na mama ni Mwanglikana kwa hiyo hili nilikutana nalo mapema. Kwenye katekisimu ya baba amri ya pili ni "usilitaje bure jina la Bwana Mungu wako." Kwa mama amri ya pili ni "usijifanyie sanamu ya kuchonga," alafu hilo la jina linakuwa la tatu na kuendelea hivyo hivyo, mpaka usiue kwa baba ni ya tano na kwa mama ni ya sita, na mwishoni zinakutana tena kwa sababu Wakatoliki wanagawa kutamani mara mbili, mke wa mtu peke yake na mali ya mtu peke yake. Wakatoliki hawajalifuta hilo la sanamu, wanalihesabu ndani ya amri ya kwanza (Walutheri nao wanahesabu kama Wakatoliki kwenye hili), ila likisimamishwa peke yake kama amri nzima basi Mkatoliki mwenye sanamu ya Bikira Maria nyumbani anajua kabisa nani anasemwa hapo. Sala ya Baba Yetu ni hivyo hivyo, mama anamalizia na "kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu, hata milele" na baba anakuwa ameshasema amina zamani. Kwetu ilikuwa kitu cha kawaida, tunasubiriana tu. Marekani karne ya 19 watu walikufa kwa ajili ya tofauti za namna hii, makanisa yalichomwa, watoto wakafukuzwa shule, na yote ilianzia darasani.

Ili uielewe hii stori lazima uanze na Horace Mann. Huyu mwaka 1837 aliteuliwa kuwa katibu wa bodi ya elimu ya jimbo la Massachusetts, akakaa hapo mpaka 1848, na ndoto yake ilikuwa nzuri kiukweli: shule moja ya umma, ya bure, mtoto wa tajiri na mtoto wa kibarua wakae kwenye benchi moja. Shida ikawa dini. Waprotestanti wenyewe walikuwa wamegawanyika vibaya, Wakongrigesheno, Wabaptisti, Wamethodisti, na Mann mwenyewe alikuwa Myunitariani, watu wanaokataa Utatu, ambao wengine walikuwa hawawahesabu hata kama Wakristo. Suluhisho lake likawa hivi: mafundisho ya dhehebu lolote yasiingie shuleni, ila Biblia isomwe kila siku bila maelezo na bila ufafanuzi wowote, ijisemee yenyewe, kila mtoto aende nyumbani akaelezwe na wazazi wake. Alishambuliwa na Waprotestanti wa msimamo mkali waliosema anatengeneza shule zisizo na Mungu, kwa hiyo naamini kabisa kwamba yeye alijiona amesimama katikati.

Ila katikati ya nani? Biblia iliyokuwa inasomwa ni ile ya King James ya 1611. Ndani ya waraka wa mwanzo wa kumtukuza mfalme, watafsiri wanamtaja Papa kama "mtu wa dhambi" na wanafurahia pigo alilopata. Toleo la kwanza lilikuwa na Tobiti, Yudithi na Wamakabayo sehemu ya pembeni ya Apokrifa, ila nakala nyingi za Marekani za karne ya 19 zilikuwa hazina. Wakatoliki walikuwa na Biblia yao ya Kiingereza, ya Douay, yenye maelezo chini ya ukurasa kwa sababu Kanisa lao linafundisha kwamba Maandiko yanasomwa pamoja na Kanisa linalofafanua. Kwa hiyo hata hilo la kusoma bila maelezo yoyote, msomaji na kitabu peke yao, ambalo Mann aliliona ni la watu wote, ndo kiini chenyewe cha Uprotestanti. Kila mtu anasikia lafudhi ya mwenzake, ya kwake haisikii, na ndivyo walivyokuwa wale waliojenga shule za umma, hawakusema tunafundisha dini yetu, walisema tunafundisha maadili tu, Ukristo wa wote, nao waliamini hivyo kwa dhati kabisa. Kila nikisoma habari hizi narudi hapohapo, kwamba wenye wingi wakishaita cha kwao cha wote, anayekataa anaonekana ndo mwenye udini.

Twende New York. Kule shule za watoto maskini zilikuwa mikononi mwa chama kinaitwa Public School Society, chama binafsi kilichoanza 1805, kinaendeshwa na matajiri Waprotestanti lakini kinalipwa kwa hela ya umma. Mwanzoni kabisa hata shule za makanisa zilikuwa zinapata mgao, ikiwemo ya Wakatoliki, ila mwaka 1825 mgao ukakatwa kwa shule za madhehebu, chama kikabaki kinakula karibu kila kitu. Mwaka 1840 gavana William Seward, Mprotestanti, akaliambia bunge la jimbo kwamba watoto wa wahamiaji wanabaki mitaani na ingefaa wawe na shule zenye walimu wanaosema lugha yao na kufuata imani yao. Wakatoliki wakaona mlango umefunguka, wakaomba mgao wao.

Aliyewaongoza ni Askofu John Hughes, mtoto wa mkulima kutoka Ireland aliyehamia Marekani 1817, akafanya kazi ya bustani kwenye seminari ya Emmitsburg, Maryland, kabla hawajakubali kumpokea kama mwanafunzi. Mtu mkali sana. Oktoba 29 na 30, 1840 alisimama mbele ya baraza la jiji peke yake upande wa Wakatoliki, upande wa pili mawakili na wachungaji wa madhehebu tofauti tofauti, akaongea masaa matatu na zaidi kuhusu vitabu. Kitabu kimoja cha shule kilikuwa kinaeleza habari za Jan Hus, mwanamageuzi wa Bohemia aliyechomwa moto kama mzushi, na kusema alijikabidhi kwa "Wakatoliki wadanganyifu." Fikiria mtoto wa Kiairishi wa miaka tisa anasomeshwa hiyo kwa sauti mbele ya darasa. Chama kikajitolea kurekebisha, na kweli walirekebisha, wakachukua wino wakafuta mistari, kurasa nyingine wakazibandika kwa gundi. Hebu jiweke kwenye nafasi ya huyo mtoto anayefungua kitabu anakuta kurasa mbili zimeganda na kila mtu darasani anajua zimeganda kwa sababu yake.

Baraza likakataa ombi Januari 1841, kura 15 kwa 1. Hughes akaingia kwenye siasa moja kwa moja, Oktoba hiyo kwenye ukumbi wa Carroll Hall akawapa Wakatoliki orodha yao ya wagombea, na wanasiasa wakaona kwamba hizi kura zinaweza kuangusha mtu. Aprili 1842 ikapita sheria ya Maclay: bodi ya elimu inayochaguliwa na wananchi kata kwa kata, na hakuna hela kwa shule yoyote inayofundisha mafundisho ya dhehebu. Siku chache baadaye kundi la watu likaenda kuvunja madirisha ya nyumba ya askofu kwa mawe. Walt Whitman, wakati huo kijana anahariri gazeti la Aurora, akaandika kwamba hata kama kingevunjwa kichwa cha askofu badala ya madirisha asingesikitika sana. Huyo ni mshairi ambaye leo tunafundishwa kwamba alimpenda kila binadamu.

Na mwisho wa siku Hughes alipata nini? Hela hakupata. Chama alikiua, mwaka 1853 kilimezwa na bodi, ila mwaka 1844 sheria iliongezwa kifungu kwamba bodi haina mamlaka ya kuzuia Biblia kusomwa bila maelezo. Yaani dhehebu limekatazwa lakini King James inaruhusiwa, kwa sababu haikuhesabiwa kama ya dhehebu.

Philadelphia ndo iliyoniumiza zaidi. Askofu wa kule, Francis Kenrick, alikuwa mtu mpole, msomi, hakuwa na makeke ya Hughes. Novemba 1842 aliandika barua kwa bodi ya shule akiomba kitu kidogo tu, watoto wa Kikatoliki waruhusiwe kusoma Biblia yao na wasilazimishwe kwenye nyimbo na sala za Waprotestanti. Hakuomba Biblia itolewe. Januari 1843 bodi ikakubali kwamba mtoto ambaye wazazi wake hawataki asilazimishwe. Ukiisoma ile barua leo unashangaa mtu angeipinga kwa lipi, lakini mtaani habari ikawa Papa anataka kuitoa Biblia shuleni.

Februari 1844 Hugh Clark, Mkatoliki, diwani na mkurugenzi wa shule eneo la Kensington, alitembelea shule ya wasichana akamkuta mwalimu mkuu Louisa Bedford, Mprotestanti, anahangaika kusimamia watoto wanaoingia na kutoka wakati wa kusoma Biblia. Clark akamwambia kama inaleta vurugu anaweza kusimamisha kwanza mpaka utaratibu mzuri upatikane, na yeye atabeba lawama. Maongezi ya watu wawili kwenye chumba cha shule, yameisha. Yakatoka nje yakiwa yamegeuka kuwa Mkatoliki amemlazimisha mwalimu kuifukuza Biblia, yakafika kwenye mikutano ya ibada, yakafika magazetini, na wale waliojiita wazawa wa Marekani, yaani Waprotestanti waliozaliwa kule waliopinga wahamiaji, wakaanza kuitisha mikutano.

Mei 6, 1844 wazawa walifanya mkutano katikati ya Kensington, mtaa wenyewe wa Waairishi, mvua ikanyesha wakakimbilia sokoni kujikinga, maneno yakaanza, ngumi, alafu risasi. Kijana mmoja anaitwa George Shiffler akauawa na papo hapo akafanywa shujaa wa bendera. Siku mbili zilizofuata nyumba za Waairishi zikachomwa mtaa kwa mtaa. Mei 8 likachomwa kanisa la Mtakatifu Mikaeli, nyumba ya Clark ikavunjwa, na jioni kundi likafika mjini kabisa kwenye kanisa la Mtakatifu Augustino, barabara ya Nne. Meya John Morin Scott alisimama mbele ya kanisa kuwasihi watu warudi nyumbani, wakampiga jiwe. Moto ulipowaka zimamoto walikuwepo, ila maji yalimwagwa kwenye nyumba za jirani. Ikaungua kengele iliyokuwa imetundikwa zamani kwenye jengo la serikali ya jimbo (State House), dada wa ile Kengele ya Uhuru ambayo watalii wanaenda kupiga nayo picha, na maktaba ya mapadre wa Augustino, maelfu ya vitabu. Nimefika mbele ya hilo kanisa, lilijengwa upya, na ni mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka pale waliposaini tangazo la uhuru, kwa kweli nilipata shida kuamini umbali huo.

Julai vurugu zikarudi eneo la Southwark kwenye kanisa la Mtakatifu Filipo Neri, safari hii mpaka mizinga ikatumika, wazawa dhidi ya wanajeshi wa jimbo. Ukijumlisha Mei na Julai waliokufa ni zaidi ya watu 20. Huko New York Hughes aliposikia Philadelphia inaungua akaweka watu wenye silaha kuzunguka makanisa yake, na hakuna lililochomwa. Kenrick alikuwa amewaambia waumini wake wasilipize, akafunga hata ibada Jumapili iliyofuata. Nimefikiria sana nani kati yao alikuwa sahihi na sijapata jibu ninaloliamini.

Sitaki mtu afikiri naandika hivi kwa sababu upande wa baba ndo ulioumizwa. Hofu ya Waprotestanti haikutoka hewani. Mwaka 1832 Papa Gregori wa 16 alitoa waraka unaolaani uhuru wa dhamiri na uhuru wa magazeti, upo, mtu anaweza kuusoma, na Mmarekani aliyeusoma alikuwa na kila sababu ya kujiuliza hawa wakiwa wengi itakuwaje. Mwaka 1842 kaskazini mwa New York padre mmoja alichoma moto Biblia za Kiprotestanti zilizogawiwa kwa waumini wake. Mambo kama hayo yalisambaa haraka na yalistahili kulaaniwa. Ila mtoto wa shule hakuandika waraka wa Papa.

Na ndo maana habari ya Eliot School siwezi kuiruka. Mwaka 1855 bunge la Massachusetts, likiwa limejaa wanachama wa Know-Nothing, chama cha siri cha kupinga wahamiaji, lilipitisha sheria ya kusoma King James kila siku shuleni. Boston ikawa na kanuni zake juu ya hapo, watoto wakariri Amri Kumi na Baba Yetu kwa namna ya Waprotestanti. Eliot School iko North End, wanafunzi wengi ni watoto wa Waairishi. Machi 1859 mtoto anaitwa Thomas Whall, wa miaka 10 hivi, aliambiwa akariri amri, akakataa. Baba yake alimwambia asikariri ya Kiprotestanti, na padre Bernardine Wiget, Mjesuiti kutoka Uswisi, alikuwa amewaambia watoto kanisani kwamba wasione haya kuwa Wakatoliki. Kwa hiyo huyo dogo amesimama pale na baba yake, padre wake, mwalimu wake na sheria ya jimbo wote juu ya kichwa chake.

Mwalimu McLaurin Cooke akachukua fimbo ya henzirani, akasema atamchapa mpaka akubali hata kama ni asubuhi nzima. Alimchapa viganjani, anapumzika, anamuuliza, anaendelea, kama nusu saa hivi, mpaka viganja vikavimba na kuchanika, na mwishowe mtoto akakariri. Wavulana wenzake wakaambiwa asiyekuwa tayari kukariri atoke, wakatoka, na kesho yake tena wengine, mamia kwa ujumla, baadhi wakarudi na nakala za amri za Kikatoliki mkononi. Baba akamshtaki mwalimu na mahakama ikasema adhabu haikuzidi kipimo na mwalimu hana hatia. Wiget akafungua shule yake, ndani ya mwaka ikawa na wavulana zaidi ya 1,000. Hivyo ndivyo shule za parokia zilivyokua Marekani, na mwaka 1884 maaskofu walipokutana Baltimore wakaagiza kila parokia iwe na shule yake, wale watoto wa Eliot walikuwa tayari ni wazazi.

Mahakama ya Maine nayo mwaka 1854 ilishasema hivyo hivyo kwenye kesi ya binti Bridget Donahoe wa Ellsworth aliyefukuzwa kwa kukataa King James: bodi ina haki ya kuchagua kitabu, basi. Mwaka huohuo padre John Bapst aliyesimama na hizo familia alivuliwa nguo usiku, akapakwa lami na kubandikwa manyoya. Kesho yake Jumapili akasoma misa. Watu wa mji wa jirani wa Bangor, Waprotestanti wakiwemo, walimpa zawadi ya saa ya dhahabu kwa sababu ya kwake ilikuwa imeibiwa usiku ule, na hilo nalo liandikwe.

Nilisoma shule ya msingi ya serikali Tanzania na kipindi cha dini kikifika tulikuwa tunagawanyika, Waislamu chumba kile, Wakatoliki huku, Waprotestanti kule, anakuja katekista au mwalimu wa dini kutoka nje, dakika arobaini alafu tunarudi wote kwenye hesabu. Haikuwa kamili, wa madhehebu madogo walikuwa wanakaa nje chini ya mti na hakuna aliyewauliza, na mpaka leo hilo linanisumbua. Ila kugawanyika huko ni karibu kabisa na kile alichokiomba Kenrick kwenye ile barua yake ya 1842, na hakuna aliyechoma kanisa kwetu.

Wamarekani walienda njia nyingine. Mwaka 1869 bodi ya shule ya Cincinnati iliamua kuacha usomaji wa Biblia kabisa, kura 22 kwa 15, na kati ya waliounga mkono walikuwepo marabi wa Kiyahudi Isaac Mayer Wise na Max Lilienthal, maana tukiongea Wakatoliki na Waprotestanti tunasahau kwamba kulikuwa na watoto wengine darasani muda wote huo wanasikiliza tu. Mahakama ya chini ikaizuia bodi, jaji mmoja, Alphonso Taft, baba wa rais wa baadaye, akapinga wenzake akisema serikali haitakiwi kupendelea dini yoyote, na Mahakama Kuu ya Ohio ikaja kukubaliana na bodi. Miaka michache baadaye James Blaine akapeleka Bunge la Marekani marekebisho ya katiba ya kuzuia hela ya umma isiguse shule za dhehebu, yakapita kwa wawakilishi 180 kwa 7, yakakwama Seneti mwaka 1876, ila majimbo mengi yakaweka vifungu vya namna hiyo kwenye katiba zao. Njia ya Taft ndo iliyokuja kushinda nchi nzima, mwaka 1962 na 1963 Mahakama Kuu ya Marekani ilipoondoa sala na usomaji wa Biblia unaoendeshwa na shule za umma.

Na mwaka 1962 hukumu ya kwanza ilipotoka, mmoja wa waliopaza sauti kuipinga alikuwa Kardinali Francis Spellman, askofu mkuu wa New York. Alisema ameshtuka na kuogopa. Ni kiti kilekile alichokalia Hughes. Wakati huo Wakatoliki wa Marekani walikuwa wameshatoa rais, John Kennedy, hawakuwa tena wageni wa kupigiwa mawe dirishani, na ile sala fupi ya shule za New York iliyokatazwa na hukumu hiyo ilikuwa haimtaji Kristo wala Maria wala Papa, ya wote kabisa, kama alivyotaka Mann. Waliopeleka kesi mahakamani walikuwa wazazi wa Long Island, kati yao Wayahudi, Myunitariani na mtu asiye na dini, wakisema watoto wao hawasali hivyo.